MWANAMKE KWENYE SIMU YA VITA: Mbona kwenye pakiti ya midoli hayumo?

HEBU chukua pakiti moja ya wale maaskari wa plastiki wa kijani, wale wanaouzwa kwa bei ya chee kule Kariakoo. Wamwage mezani. Utamkuta wa bunduki, wa bomu la mkono, anayetambaa kwa tumbo, na yule mwenye darubini anayejifanya bosi wa wenzake. Halafu yuko mmoja ana mzigo mgongoni na simu sikioni. Huyo ndiye mtu wa mawasiliano. Ndiye anayepiga kelele, "Leteni mizinga huku, upesi!"

Sasa mwangalie vizuri. Ni dume. Wote humo ndani ni madume.

Msinicheke, jamani. Najua wapo watakaosema mtu mzima na midoli wapi na wapi. Lakini mdoli wa askari hautengenezwi hivi hivi. Kabla kiwanda hakijamwaga plastiki kwenye kalibu, kuna mtu lazima ajiulize: askari ni nani? Sura yake ikoje? Jibu lake ndilo linalofika mkononi mwa mtoto wa miaka mitano, na mtoto hana habari ya kubishana nalo.

Na kwenye hii idara ya simu na redio, jibu lilikuwa na walakini mkubwa. Kazi hiyo vitani imefanywa na akina dada kwa maelfu. Wengine wameifanya mabomu yakidondoka, wengine wamekufa nayo. Wiki hii naomba tuwaangalie hao.

WASICHANA WA HALOO

Twende Ufaransa, mwaka 1917. Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto na Wamarekani ndio kwanza wanaingia. Mkuu wao, Jenerali John Pershing, ana tatizo ambalo halihusu risasi. Simu hazipiti!

Enzi zile hukubonyeza namba ukampata mtu. Ulinyanyua simu, ukamkuta opereta amekaa mbele ya swichibodi, ukamweleza unamtaka nani, naye akachomeka waya kwenye tundu lake. Huko Ufaransa maopereta wengi walizungumza Kifaransa tu, na askari wa Kimarekani aliyekabidhiwa kazi hiyo hakujua Kifaransa wala hakuwa na mkono mwepesi. Inaelezwa kuwa mwanajeshi wa kiume alitumia kama dakika nzima kuunganisha simu moja. Opereta wa kike aliyefundwa aliimaliza kwa sekunde kumi hivi.

Dakika moja ofisini si kitu. Dakika moja wakati kikosi kinapigwa na mizinga ya wenzao wenyewe kwa makosa, na mtu anataka kuwaambia waache, hiyo ni roho za watu.

Pershing akaomba apelekewe wanawake wanaojua Kiingereza na Kifaransa. Zaidi ya 7,000 wakajitokeza. Waliokwenda ng'ambo walikuwa 223. Kundi la kwanza, wasichana 33, lilipanda meli Machi 1918 likiongozwa na Grace Banker, msomi wa chuo cha Barnard, mwenye umri wa miaka 25, ambaye kazi yake nyumbani ilikuwa kufundisha maopereta wa kampuni ya simu ya AT&T.

Wakabandikwa jina la Wasichana wa Haloo. Jina tamu, lakini kazi yao haikuwa ya kuchekacheka. Miji na vikosi vilipewa majina ya siri, na majina hayo yalibadilishwa mara kwa mara ili Mjerumani akitega sikio asielewe kitu. Opereta aliyasikia mashambulizi kabla hayajatokea, na mdomo wake ulipaswa kufungwa kama kaburi. Septemba 1918, wakati wa mapigano ya Saint-Mihiel, Banker na wenzake wachache walikuwa nyuma kidogo tu ya mstari wa mbele, kofia za chuma na vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu vikiwa karibu nao.

Oktoba 30, 1918, mahali panapoitwa Souilly, mabanda yao yakashika moto. Waliambiwa watoke. Hawakutoka! Waliendelea kuunganisha simu mpaka wakatishiwa adhabu ya kijeshi. Wakatoka shingo upande, na kabla ya saa moja kupita walikuwa wamerudi kwenye nyaya zile ambazo moto haukuzila.

Mpaka vita inakwisha, inakadiriwa Wasichana wa Haloo waliunganisha simu zaidi ya milioni 26. Grace Banker akavishwa Nishani ya Utumishi Uliotukuka.

"NYIE HAMKUWA ASKARI"

Hapa ndipo kisa kinapouma.

Wasichana wale waliapa kiapo. Walivaa sare za bluu, ambazo kila mtu alizinunua kwa pesa yake mwenyewe. Walipewa vyeo na walitii amri. Walitishiwa adhabu ya kijeshi, kama mlivyosikia. Wawili walifia huko huko Ulaya kwa mafua yale makali yaliyoua mamilioni ya watu duniani. Waliobaki walirudi nyumbani, wakaomba vyeti vyao vya kuachishwa jeshi kwa heshima, wakajibiwa: vyeti gani? Nyie mlikuwa raia wa mkataba, hamkuwa askari.

Eti raia wa mkataba! Raia gani anatishiwa adhabu ya kijeshi kwa kukataa kukimbia moto?

Maana yake nini? Hakuna marupurupu ya askari mstaafu, hakuna matibabu, hakuna bendera juu ya jeneza. Wauguzi wa jeshi walikuwa na nafasi yao kisheria, wanawake wa Jeshi la Majini nao walihesabiwa. Wa swichibodi wakabaki njia panda.

Mmoja wao, Merle Egan Anderson wa Montana, hakukubali. Aliandika barua, akabisha hodi kwa wabunge, akaandika tena. Miaka ikapita kumi, ishirini, arobaini. Wenzake wakawa wanaondoka duniani mmoja mmoja. Grace Banker mwenyewe alifariki mwaka 1960 akiwa bado hatambuliwi kuwa alikuwa askari. Ni mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuwatambua, na vyeti vyao vikatoka mwaka 1979. Karibu wote walikuwa wameshazikwa.

Na hadithi haikuishia hapo. Desemba 2024, Marekani ikapitisha sheria ya kuwapa Wasichana wa Haloo Nishani ya Dhahabu ya Bunge. Piga hesabu mwenyewe: kutoka 1918 ni miaka 106.

Sasa kama jeshi lenyewe lilichukua miaka 60 kusema "ndiyo, huyu ni askari", mwenye kiwanda cha midoli angemtengeneza kwa lipi?

BOMU LINADONDOKA, DADA YUPO KWENYE SIMU

Vita ya Pili ilipokuja, swichibodi zilikuwa zimeongezewa redio, rada na mitambo ya kutuma maneno ya siri. Akina dada nao wakaongezeka.

Waingereza walikuwa na jeshi la wanawake wasaidizi wa anga, WAAF. Mwaka 1940 ndege za Kijerumani zilipoishambulia Uingereza kila kukicha, wasichana wa WAAF walisimama kuzunguka meza kubwa yenye ramani, hedifoni masikioni, fimbo ndefu mikononi. Taarifa ziliingia kwa simu, wao wakavisukuma vibao vya kuonyesha adui yuko wapi na anaelekea wapi. Marubani tunaowaona kwenye sinema walirushwa kutokana na kilichoonekana juu ya meza ile.

Kwenye uwanja wa ndege wa Biggin Hill, kusini-mashariki ya London, mabomu yalianguka siku baada ya siku. Sajenti Helen Turner alikuwa kwenye swichibodi. Koplo Elspeth Henderson alikuwa kwenye laini yake ya simu. Hawakuinuka kwenye viti vyao mpaka jengo lilipopigwa na moto kuwafukuza. Mwenzao Sajenti Joan Mortimer aliendelea na simu zake, kisha akatoka nje na bendera nyekundu kuweka alama palipokuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Mabinti hao watatu wakapewa Nishani ya Kijeshi, nishani ambayo baadhi ya wanaume walinung'unika kwamba ni ya kwao.

Halafu kuna Noor Inayat Khan. Huyu, msomaji wangu, ukimsoma usiku hupati usingizi.

Baba yake alikuwa Mhindi, mwalimu wa Kisufi na mwanamuziki. Mama yake Mmarekani. Yeye alizaliwa Moscow tarehe 1 Januari, 1914, akakulia Ufaransa, akapiga kinubi na kuandika hadithi za watoto. Binti mpole, wa sauti ndogo. Alijiunga na WAAF akafundishwa simu ya upepo, na Juni 1943 akapelekwa kwa siri ndani ya Ufaransa iliyokuwa chini ya Wajerumani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutumwa huko na Uingereza kama opereta wa redio.

Mtambo wenyewe ulifichwa ndani ya sanduku la nguo, mzito kama debe la maji. Wajerumani walikuwa na magari maalumu yaliyozunguka mitaani yakinusa mawimbi. Ukikaa hewani dakika nyingi, wameshafika mlangoni. Ilihesabiwa kuwa opereta wa redio Ufaransa angeweza kudumu kama wiki sita.

Siku chache tu baada ya kufika, mtandao wake ukavunjwa na wenzake wakakamatwa. London ikataka kumrudisha. Akakataa, maana angeondoka yeye Paris ingekatika mawasiliano. Akahamahama na sanduku lake kwa zaidi ya miezi mitatu. Oktoba akakamatwa, akajaribu kutoroka, akafungwa minyororo. Tarehe 13 Septemba, 1944, aliuawa kwa risasi kwenye kambi ya Dachau akiwa na miaka 30. Mwaka 1949 alipewa Msalaba wa George.

HATA MOMBASA WALIKUWEPO

Usidhani mambo haya yalikuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka 1942 Wajapani walipoitishia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, Waingereza waliwahamisha wavunja maneno ya siri wao wengi kutoka Colombo hadi Kilindini, Mombasa. Wakapiga kambi kwenye shule ya Allidina Visram. Ndiyo, Allidina ile ile ya Mombasa! Pale redio zilikesha zikisikiliza meli za Kijapani, na pale pale mafumbo ya meli za biashara za Japani yakavunjwa. Miongoni mwa waliofanya kazi huko walikuwemo Wrens, kama walivyoitwa wanawake wa Jeshi la Majini la Uingereza, waliofundishwa kunasa alama za Morse za Kijapani. Mwaka 1943 shughuli ikarudi Colombo.

Njia hiyo ya baharini ilikuwa na hatari zake. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Ndani walikuwemo mamia ya vijana wetu wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi, Wrens na wanawake wengine wa huduma za jeshi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama ndani ya dakika chache. Watu 1,297 walikufa, 77 kati yao wanawake. Kijana wa kwetu na binti wa Kiingereza walikwenda chini pamoja. Ni wangapi kati yetu tuliwahi kufundishwa jambo hilo darasani?

TURUDI KWENYE MIDOLI

Maaskari wa plastiki wa Marekani walianza kuuzwa mwaka 1938. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ikatoa G.I. Joe, mwanajeshi wa inchi 12 mwenye nguo za kuvua na kuvaa. Wenyewe waliogopa neno mdoli kama ukoma, maana midoli ni ya wasichana, wakatunga jina lingine ili wavulana wasione aibu. Ujanja wa biashara huo.

Mwanamke wa kwanza katika ukoo huo alikuja mwaka 1967. Alikuwa muuguzi. Madukani alidoda vibaya, wavulana hawakumtaka na wazazi wa wasichana hawakumtafuta kwenye rafu ya vita. Leo wakusanyaji wanamgombea kwa pesa ndefu kwa sababu walibaki wachache. Ikapita miaka 30 kabla ya mwanamke mwingine wa ukubwa ule kutokea mwaka 1997, na huyo alikuwa rubani wa helikopta.

Mwaka 1982 G.I. Joe alirudi akiwa mdogo, wa kutosha kiganjani. Kundi la kwanza lilikuwa na mwanamke mmoja, Scarlett. Je, walimpa redio? Wapi! Mtu wa mawasiliano alikuwa Breaker, mwanamume mwenye hedifoni yake ndogo. Na kuelekea mwaka 2000 Hasbro ikatoa mdoli mzuri sana wa askari wa Kinavajo, wale Wahindi Wekundu waliotumia lugha yao kama fumbo dhidi ya Mjapani. Ukimbonyeza anasema Kinavajo, tena kwa sauti ya mzee aliyeifanya kazi hiyo kweli vitani. Mimi nampenda mdoli yule. Lakini ndipo unapoona kwamba walipotaka kumkumbuka mtu wa mawasiliano kwa heshima zote waliweza, na wakamkumbuka mwanamume.

Mwaka 2019 binti wa miaka 6 wa jimbo la Arkansas aliandika barua akiuliza kwa nini hakuna askari wa kike kwenye pakiti, ilhali wanawake wapo jeshini. Barua ikamfikia bwana Jeff Imel wa kampuni ndogo ya BMC Toys, mjini Scranton, Pennsylvania. Wanawake wa plastiki wakatoka mwaka 2020, na bunduki zao na darubini zao. Kutoka 1938 ni miaka 82. Mtoto wa chekechea ameona walichoshindwa kuona watu wazima wenye digrii.

WAPO PIA WA UPANDE WA PILI

Nisije nikaonekana napiga debe tu. Kwenye ulimwengu wa wakusanyaji, hasa wa sanamu za inchi 12 zilizoshika kasi baada ya kampuni ya Dragon ya Hong Kong kuingia sokoni mwaka 1999, mwanamke wa mawasiliano yupo. Ila mara nyingi ni Mjerumani.

Jeshi la Hitler lilitumia wanawake wasaidizi karibu nusu milioni, wengi kwenye simu, teleprinta na redio. Walivaa beji ya radi, ndiyo maana wakaitwa wasichana wa radi. Sare zao zimekatwa vizuri, na watengenezaji wa sanamu wanazipenda kufa. Unakuta kisanamu kina kofia ya pembeni, buti zinang'aa, nywele za dhahabu, sura kama ya mrembo wa kalenda. Bomba kabisa!

Lakini sanamu haisemi simu ile ilikuwa inapeleka amri za nani. Haisemi kwamba jeshi lile ndilo lililouteka mji ambao Noor alikuwa akihama nyumba hadi nyumba na sanduku lake. Simsemi vibaya kila mkusanyaji, wengine ni walimu wazuri wa historia, wanajua mpaka idadi ya vifungo. Ninachosema ni kwamba vifungo peke yake havitoshi. Ukiweka mrembo wa Hitler kwenye kabati la kioo bila neno hata moja, umemremba yeye na waliomtuma.

SASA TUFANYEJE?

Wewe kijana unayejinunulia hivi vidude, au dada unayemtafutia mwanao zawadi ya sikukuu, sikwambii uvunje kibubu. Plastiki ni plastiki. Ila ukimkuta mwanamke mwenye hedifoni, awe wa chuma, wa plastiki au wa kuunga mwenyewe kwa gundi, usimpite ukidhani kawekwa pale kwa urembo wa duka. Mtoto akikuuliza, "Huyu anafanya nini?" usimwambie anapiga simu tu. Mwambie palikuwa na moto, akaambiwa atoke, akakataa, kwa sababu upande wa pili wa waya palikuwa na watu wanaongoja msaada. Mwambie pia walimlipa nini, na walichelewa miaka mingapi kumlipa.

Na kama dukani hayupo, muulize muuzaji. Yule binti wa Arkansas alianza kwa kuuliza tu.